Fedha ni Jina la Mtaa

Ziwani,
S.L.P. 70418,
Nairobi.

Jumapili, 8 Februari 1998

Mpendwa ndugu yangu Shiundu,

Pokea salamu zangu wewe, Nekesa na watoto. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba mvua hizi za El Nino hazikuangusha jiko la mama, maana nilisikia ukuta wa nyuma umeanza kuinama. Kikohozi cha mtoto wako mdogo kimepoa? Na goti la mama linamruhusu kushuka mtoni, au bado anachotewa maji? Nijibu hayo kabla ya mengine yote.

Mimi nipo. Siwezi kusema mzima wala siwezi kusema mgonjwa. Kifua kimejaa vumbi la simiti, na kiganja cha kulia kimepasuka katikati, ndiyo sababu mwandiko huu unayumba. Leo sikwenda kanisani ili nipate kukaa chini nikujibu. Mungu atanisamehe. Wewe sijui kama nitakusamehe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya, kwa kuwa unajua shule yangu iliishia wapi. Mara ya pili nikaona nimesoma vizuri kabisa. Mara ya tatu nilisoma kwa hasira tu, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro nisiione, na bado nikawa naijua yote kwa moyo.

Unasema umechoka na Butere. Unasema huko hakuna biashara ila kuziba mipira ya baiskeli za watu waliokunja uso. Nairobi wateja hawaishi, stima iko kila nyumba, maji yanakuja yenyewe mpaka ndani, shule ziko mlangoni. Haya yote uliambiwa na Javan, yule dalali wa ploti, alipokuja Krismasi na koti lake la kijivu. Akakueleza kwamba upande huu wa Embakasi unafaa kwa biashara na kwa kuishi kuliko pote Kenya, na kwamba ukiuza shamba la mtoni atakupatia ploti karibu na ofisi yangu. Mnunuzi mmeshampata. Bodi ya Ardhi inakaa Alhamisi tarehe 26. Tena unamalizia kwa kuniagiza nianze kukutafutia mahali pa duka "huko kwako".

Huko kwangu! Kwenye hilo neno "ofisi" nitarudi, usidhani nimelisahau. Kwanza nikuonyeshe kwangu.

Kwangu ni chumba kimoja hapa Ziwani, nyumba za zamani za mawe, na hicho chumba si changu. Ni cha muumini mwenzetu aliyenihurumia. Tumo wanaume wanne. Tumekata chumba kwa pazia, na upande wangu wa pazia ni upana wa kitanda. Nikitaka kuvaa suruali lazima mwenzangu atoke nje kwanza. Choo ni cha safu nzima, na asubuhi tunasimama mstari huku tukiangaliana kama watu wanaongojea kusomewa mashtaka.

Stima iko, Javan hakudanganya hapo. Imepita juu ya vichwa vyetu ikienda kwa wengine. Sisi tuna balbu moja, na ikizima inakaa siku nyingi mpaka tunasahau kwamba iliwahi kuwaka. Na hayo maji yanayokuja yenyewe, ndugu yangu, hapa maji yanafuatwa kama mbuzi aliyepotea. Unachukua mtungi, unauliza watu njiani, mmoja anakwambia yalionekana kule, ukifika kule yameondoka. Mfereji wetu ukifunguliwa asubuhi unakohoa kama mimi, kisha unanyamaza. Wewe unao mto chini ya shamba letu. Unao mto, Shiundu, na unataka kuuuza uje upange foleni ya mtungi.

Natoka hapa gizani. Siwezi kupanda gari kila siku, basi nafuata Barabara ya Jogoo kwa miguu, napita mahakama ya Makadara kabla haijafunguliwa, naendelea mbele mpaka Embakasi. Ni mwendo wa zaidi ya saa mbili. Hatutembei wachache. Ukiona barabara hiyo alfajiri utadhani kuna mkutano wa injili mahali, kumbe kila mtu anakimbilia lango la mtu mwingine akachaguliwe. Nyapara anasimama langoni, anaonyesha kidole: wewe, wewe, wewe. Asiyeonyeshwa kidole anarudi njia ile ile bila kitu.

Udongo wa huko ni mweusi, si kama wetu mwekundu. Mvua hizi zimeufanya kama uji wa gundi. Unakanyaga, ukivuta mguu, mguu unatoka na gambuti linabaki. Ndege za uwanja wa ndege zinapita juu yetu chini chini mpaka nyapara anaacha kutukana, anangoja zipite, halafu anaendelea na tusi pale alipolikatia. Hayo ndiyo mapumziko yetu.

Nikuambie habari za biashara sasa, kwa kuwa ndiyo unayoililia. Pale mjengoni yuko mama mmoja, anaitwa Jecinta, mtu wa Murang'a. Anatupikia githeri ya mahindi na maharagwe, na chai, kwenye kibanda cha mabati. Mwanamke huyo anaamka kabla yetu sote, ana ulimi, ana bidii, na chakula chake ni kitamu. Kama biashara ya Nairobi ingekuwa inamfuata mtu hodari, Jecinta angekuwa na hoteli. Kibanda hicho amekihamisha mara tatu tangu nimjue. Mwezi wa kumi na moja walikuja wale askari wanaofukuza wachuuzi, wakapindua sufuria nzima ya githeri kwenye matope, na sufuria wakaondoka nayo. Sisi tulikula mkate siku hiyo. Yeye alikaa juu ya jiwe akitazama maharagwe yanavyozama. Na huyo amekulia karibu na hapa, anajua vichochoro vyote vya kukimbilia. Wewe utakimbilia wapi na pampu ya baiskeli begani?

Tena baiskeli ya nani? Huko kwetu sasa kila kijana ni boda boda. Kutoka stesheni ya reli mpaka sokoni, kutoka sokoni mpaka misheni, watu wote wako juu ya baiskeli, na baiskeli zote zinaharibikia mbele ya mti unaofanyia kazi chini yake kwa sababu ya ile kona yenye mawe. Wanakuja wamekunja uso kwa kuwa wana haraka ya kurudi kazini, si kwa kuwa hawakupendi. Hiyo ndiyo inaitwa biashara! Hapa watu wanatembea. Wachache wenye baiskeli wanazitengeneza wenyewe Jumapili, wamezigeuza miguu juu mlangoni. Utakaa na spana zako ukitazama viatu vinapita.

Sisemi hakuna aliyefaulu Nairobi. Hata mawe tunayobeba ni ya mtu aliyefaulu. Lakini yuko fundi wetu wa mawe, Bedan, mtu wa makamo, anajua kazi yake vizuri, anaheshimiwa. Kila mwisho wa mwezi anapanda gari kwenda kwao kupalilia. Nilimwuliza kwa nini asiache hayo mashamba akae mjini kama mtu. Akanitazama akaniambia, "Kweyu, mimi nakuja Nairobi. Sikai Nairobi. Uliza hata jembe langu."

Sasa nikueleze yaliyotokea Jumanne iliyopita, maana ndiyo yaliyonitoa usingizi kuliko hata barua yako.

Nilikuwa ndani ya mtaro wa msingi, nimezama mpaka kifuani, nachimba. Nikasikia sauti ninayoijua. Nikainua kichwa nikaona viatu vyeusi vimefungwa mifuko ya plastiki visichafuke. Ni Javan. Nyuma yake walikuwa wazee watatu wenye nguo za kanisani, mmoja bado amebeba kikapu cha safari chenye jogoo ndani.

"Ni hapa, wazee wangu," Javan akawaambia. "Mnaona vijana wanavyochapa kazi? Mahali hapa mtu analala maskini anaamka tajiri. Jina lenyewe linajisema. Fedha!"

Mzee wa kikapu akauliza, "Na nyumba hii inayochimbwa ni ya nani?"

"Ni yenu, mkishatia sahihi."

Shiundu, mtaro ule una mwenyewe. Anakuja kila Ijumaa na gari jeupe, anashuka, anapima kwa macho, anaondoka. Hakuna kipande hapo cha mtu wa Butere wala cha mzee wa jogoo. Nikaita kutoka shimoni kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa nguvu. Javan aliruka kama aliyeitwa na marehemu. Wazee wakacheka. Akawaambia, "Hawa vibarua wanajuana na kila mtu, msijali," kisha akaja ukingoni, akachuchumaa, akainua koti lisiguse tope.

"Niaje, Kweyu. Usiniharibie siku."

"Ploti ya Shiundu iko wapi? Nionyeshe kwa kidole."

"Iko kwenye karatasi. Mambo ya karatasi utayajulia wapi wewe? Chimba."

"Umeenda kuwaambia nini watu wetu?"

Hapo akatabasamu, na tabasamu hilo sijalisahau. Akasema pole pole, "Mimi? Mimi walitaka kunifukuza. Shiundu mwenyewe alisema mtu wa Nairobi akifungua mdomo ni uongo unapiga miayo. Ni mama yako aliyeleta Biblia. Akatoa barua yako humo ndani, akampa Nekesa asome. 'Mama, nimepata kazi fedha.' Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza swali tena. Wakaniongezea chai. Mimi sikuuza kitu, Kweyu. Wewe ndiye uliyeuza. Mimi nilikuwa mgeni tu."

Jecinta alikuwa anapita na sahani, akasikia yote, na unajua mwanamke mwenye ulimi hawezi kuacha kitu kama hicho kipite.

"Haiya! Kumbe tuna mtu wa benki hapa, na mimi namwekea githeri kwa sahani ya bati? Bedan, mletee bosi kiti!"

Bedan akasogeza mfuko wa simiti mpaka ukingoni. "Samahani, mkurugenzi, hatukujua. Kalia hii kwanza, kile cha kuzunguka kinakuja."

Mjengo mzima ulicheka. Hata mimi nilicheka, maana ukiwa shimoni huna pa kugeukia. Nilipomaliza kucheka nilimwita yule mzee wa jogoo. Nikamwambia, "Mzee, rudi nyumbani na kikapu chako. Hapa hakuna ploti." Akanitazama. Akamtazama Javan. Akatazama viatu vya Javan, halafu akatazama matope yaliyokuwa kichwani mwangu, akamfuata Javan. Wote watatu walimfuata. Yeye alikuwa juu na mimi nilikuwa chini, basi.

Jioni, nikinawa, Jecinta alikuja peke yake bila mzaha. Akaniuliza, "Huyo ndugu yako wa shamba, umemwandikia?"

Nikamwambia nitamwandikia.

"Si ile ya kuficha ficha. Andika vile iko."

Basi naandika vile iko. Shiundu, Fedha ni jina la mtaa.

Ni mtaa kama Ziwani ulivyo mtaa. Wanajenga nyumba huko Embakasi, nyumba nzuri za watu wenye mishahara, na walipotafuta jina wakaupa jina hilo. Mimi niliajiriwa huko kubeba mawe, kuchimba mitaro na kukoroga simiti, miaka miwili iliyopita. Jioni ya siku ya kwanza niliyoonyeshwa kidole langoni nilifurahi, nikachukua kalamu, nikamwandikia mama. Nilitaka kusema nimepata kazi katika mtaa wa Fedha. Mkono ulikuwa umechoka, neno "mtaa" likabaki kichwani, na jina nikaliandika kwa herufi ndogo. Mwalimu wetu wa darasa la tano alituchapa sana kwa ajili ya herufi kubwa kwenye majina ya mahali. Sijui siku alipofundisha hilo nilikuwa nimefukuzwa kwa ajili ya karo au nilikuwepo nasinzia. Niliandika "nimepata kazi fedha", nikabandika stempu, nikalala nikiwa na furaha.

Jibu lilikuja baada ya mwezi mmoja. Mama, kupitia aliyemwandikia, alisema kanisa zima lilisimama kumshukuru Mungu kwa kuwa mwanawe amewekwa kwenye fedha. Mchungaji alitaja jina langu. Alisema sasa sokoni wanamwita Mama Fedha, na kwamba yule mwenye duka la nguo, ambaye hajawahi kumwitikia salamu, sasa anamtolea kiti.

Nilikaa na barua hiyo jioni nzima. Nilikuwa na kalamu. Nilikuwa na karatasi. Ningeandika mstari mmoja tu mambo yakaisha. Lakini nilimwona mama yangu amekalia kiti cha duka la nguo, na nikashindwa kumwondoa hapo. Nikajiambia nitamweleza Krismasi. Krismasi ikafika, nikaona aibu kwenda. Ya pili ikafika, aibu ikawa imeongezeka. Uongo ule sikuuzaa mimi kwa kupenda, lakini niliulea, nikaulisha kwa kunyamaza, na sasa umekua mkubwa unataka kula shamba la babu yetu.

Hilo ni kosa langu na ninalibeba. Lakini usidhani linakutoa lawamani wewe. Wewe ni mtu mzima. Hukujiuliza? Mtu wa fedha gani huyu ambaye hajapata nauli ya kuja nyumbani Krismasi mbili? Mtu wa fedha gani ambaye kwa miaka miwili amemtumia mama yake blanketi moja, tena jembamba? Ulijua, Shiundu. Mahali fulani ndani yako ulijua, ila neno lilikuwa tamu, ukalinyonya kama muwa. Hasira yangu kwako ni hiyo. Javan ni mwizi, na mwizi anafanya kazi yake. Wewe ulimfungulia mlango ukamshikia na taa.

Na shamba lenyewe unaliuza kama nani? Hati ina jina la baba mdogo, baba yako, kwa sababu baba yangu alitangulia kufa kabla ya wapimaji kufika. Baba yako alisema mbele ya ukoo mzima kwamba jina ni la karatasi tu. Kutoka kwa ule mti wa lusiola uliopandwa na babu kuwa mpaka, kushuka mtoni ni kwa mama yangu, mama Khalayi. Kutoka hapo kupanda juu ni kwenu. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umeshika kamba ya kupimia, na mimi nilishika ncha ya pili. Huyo mnunuzi wako hataujua mti wa lusiola. Ataijua karatasi, ataukata mti apate mbao, na kesho yake mama yako mkubwa, aliyekulea ulipokuwa na surua na mama yako yuko hospitali, atasimama barabarani na goti lake hilo. Baba zetu wawili wamelala pale chini ya migomba. Umeshamwambia mnunuzi habari zao, au unamwachia azigundue akilima?

Mimi naipiga Nairobi teke kila siku kwa maneno, lakini kila asubuhi naamka nakwenda. Unajua ninavyoweza? Nikibeba jiwe najua pako mahali ambapo siku moja nitakaa chini na hakuna nyapara atakayenionyesha kidole. Ni chini ya ule mpaka, upande wa mto. Ndilo neno pekee la kweli nililo nalo. Ukiliuza, mimi hapa sitakuwa kibarua aliye mbali na kwao. Nitakuwa mtu wa pazia, basi, mpaka wanitoe miguu ikiwa mbele.

Kwa hiyo sikuombi. Nakwambia. Usiende kwenye bodi. Ukienda, utanikuta. Barua hii inapitia sanduku la shule kama zote, na mwalimu mkuu anaweza kukaa nayo kwenye droo hata wiki mbili, ndiyo maana siiachii karatasi peke yake. Jumanne tarehe 24 ninaondoka hapa. Nimeshamwambia nyapara. Amenijibu kwamba langoni kuna watu wengi wanaongoja kidole, na nikiondoka nisijisumbue kurudi. Nimemwambia sawa. Bedan amesema hatakubali niende mikono mitupu, amenipa tindo yake ya zamani. Jecinta ameniahidi chapati za njiani, na amesema nikifika nikatae kukalia kiti chochote nitakachoandaliwa na watu wanaonidhania mkurugenzi.

Nitasimama mbele ya bodi na gambuti zangu zenye tope jeusi. Sitazisafisha. Wazee wakiniuliza mimi ni nani, nitasema mimi ni mtoto wa Khalayi, na kuhusu fedha nitawaonyesha viganja. Nekesa, najua unayasoma haya kabla ya mume wako, kama ilivyo desturi ya nyumba hiyo. Mke huulizwa na bodi kama amekubali. Siku hiyo ukiulizwa, kumbuka aliyekukatia kitovu cha mtoto wako wa kwanza anaishi upande gani wa mti.

Jambo la mwisho ndilo gumu. Nataka barua hii asomewe mama. Yote, bila kuruka. Asisomewe jikoni kwa kunong'ona. Mkalishe nje mahali anapokaa siku zote, muitie na wale wanawake wa kanisa waliosikia ile ya kwanza, kwa maana walisimama kunishukuria na wana haki ya kuketi. Ile barua ya zamani itolewe ndani ya Biblia na ziwekwe pamoja. Mama hajui kusoma, lakini macho yake ni mazuri. Nekesa, mwonyeshe kwa kidole ile f ndogo iliyo kwenye ile barua, halafu umwonyeshe hii hapa: F. Ataziona zilivyo tofauti. Mwambie hiyo ndiyo mwanawe alikosa kuandika, na kwamba hakuna siku hata moja katika miaka miwili aliyoisahau. Akilia, mwache alie. Akinitukana, shika matusi yote unipe nikifika, nitayapokea kwa mikono miwili.

Na mwenye duka la nguo akimnyang'anya kiti, mwambie mama akae juu ya udongo wake. Hapo hakuna atakayemwondoa, nikiwa hai.

Nisalimie mama Khalayi kwanza. Nisalimie Nekesa na watoto wote, na dada yetu Nerima kama bado yuko huko kwa mumewe. Nisalimie boda boda wote wa kona ya mawe, uwaambie fundi wao haendi mahali. Mungu awalinde katika mvua hizi, auimarishe ukuta wa jiko, na siku ya Alhamisi hiyo auzuie mkono wako wa kulia, ule unaotia sahihi, mpaka mimi nifike niushike.

Wako akupendaye, hata leo,

Kweyu,
mbeba mawe, mtaa wa Fedha.